Betri iliyokufa kabla ya siku zake

"Fundi, hii ni ya tatu." Mteja alitamka hivyo kabla hata hatujasalimiana, na sikumlaumu. Betri tatu ndani ya miaka miwili, gari ni lile lile, na kila aliyefungua boneti alimwambia ameuziwa feki. Mimi huwa siamini haraka hivyo. Betri ya gari ikitunzwa hudumu miaka mitatu hadi mitano, wakati mwingine zaidi. Ikifa ikiwa na miezi minane, mara nyingi imeuawa, na muuaji bado yumo ndani ya gari anaingojea inayofuata.

Naanza na tarehe iliyogongwa kwenye betri yenyewe. Betri ya asidi hujimaliza polepole hata ikikaa tu rafuni, kwa hiyo unaweza kununua "mpya" iliyokwisha kuzeeka. Yake haikuwa na tatizo hilo.

Halafu mita ya umeme. Wengi hupima gari likiwa limezimwa sasa hivi, wanasoma volti 13, wanafurahi. Hiyo ni chaji ya juujuu. Acha gari lipumzike saa kadhaa, au washa taa kubwa dakika mbili tatu uzizime, ndipo usome. Betri iliyojaa husoma 12.6 au 12.7. Kwenye 12.2 imebaki nusu, na ikishuka chini ya 12.0 usitegemee kitu. Ikikwama kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, hesabu ni nyepesi: ndani mna seli 6 za kama volti 2.1 kila moja, na moja imekufa. Hiyo irudishe dukani ikiwa bado ina waranti.

Ya mteja wangu ilisoma 11.7. Hiyo ni betri yenye njaa, na muuzaji akiiona hivyo atakwambia tu nenda kaichaji.

Njaa ndiyo inayoua. Betri inapotoa moto, yaani umeme, madini ya risasi yaliyo kwenye sahani zake za ndani hugeuka salfeti, utando mwembamba. Ukiichaji mapema, utando huo hurudi kuwa risasi na asidi. Ukiiacha tupu wiki kadhaa, fuwele zinakua, zinakuwa ngumu, na sehemu hiyo ya sahani hairudi kazini tena. Isitoshe, betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba, imetengenezwa itoe moto mwingi kwa sekunde chache. Kuikausha kabisa mara chache tu kunatosha kuimaliza. Ndiyo maana mtu akiniambia "tulibusti ikawaka, tukaendelea na safari", yaani waliazima moto wa betri nyingine, namuuliza: baada ya hapo uliichaji? Alteneta, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, ipo kurudisha kile stata, mota ya kuwashia injini, ilichokula. Kufufua betri tupu ni kazi ya chaja. Betri yenye uwezo wa ampea-saa 60 ipe ampea 6 au pungufu, usiku kucha, mahali penye hewa na pasipo cheche, maana inapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo hulipuka.

Nikaichaji. Asubuhi ilipotulia ilisoma 12.5, na nilipopiga stata ilishuka hadi 10.1 tu. Ingeporomoka chini ya 9.6 ningeitilia shaka. Kumbe bado ilikuwa hai.

Nikawasha gari nipime chaji: 14.1 kwenye vichwa vya betri. Nikawasha taa, feni na kiyoyozi kwa pamoja, ikabaki 13.9. Huwa natafuta kati ya 13.8 na 14.7, ingawa kwenye magari ya karibuni kompyuta huipandisha na kuishusha yenyewe, kwa hiyo usomaji mmoja usikutishe. Na jamani, ile tabia ya kuchomoa betri injini ikiwa inanguruma ili "kujaribu alteneta" iacheni. Volti hupaa ghafla, na kinachoungua hapo ni kompyuta ya gari, kitu cha ghali kuliko betri kumi.

Vichwa vilikuwa safi na vimekazwa. Maji yalikuwa yamefunika sahani. Hapa nako watu huua betri kwa kuongeza asidi badala ya maji yaliyotoneshwa. Kinachopungua ni maji, asidi inabaki mle mle, kwa hiyo ukiongeza asidi unaunguza sahani. Safari zake pia hazikuwa zile za dakika tano tano ambazo haziipi betri nafasi ya kushiba.

Nikamuuliza linagoma lini hasa. "Jumatatu. Siku nyingine linawaka bila shida." Na wikendi halitumii.

Basi mchana gari lilikuwa zima. Ilibaki kulichunguza likiwa limelala.

Nilichomoa waya wa hasi nikaunga mita katikati yake na betri, kwenye upande wa ampea 10. Kitasa cha mlango nikakifunga kwa bisibisi ili gari lijue milango imefungwa, funguo nikaziweka mbali. Stata hapo haiguswi, fyuzi ya mita itakatika. Mwanzoni ilisoma ampea 3 na ushei, kompyuta zikiwa bado macho. Baada ya nusu saa ikatulia kwenye 0.62. Gari lililolala linatakiwa kula chini ya 0.05. Piga hesabu: 0.62 kwa saa 24 ni kama ampea-saa 15 kwa siku. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi, betri ya 60 imeshapoteza zaidi ya nusu.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja. Redio, hakuna. Alamu, ikashuka 0.01 tu. Taa ya buti, rilei, kile kifaa cha kufuatilia gari, vyote ambavyo huwa navishuku kwanza, vikatoka wasafi. Fyuzi zikaisha na mita bado iko pale pale. Nikarudisha kila kitu, nikaacha betri imeungwa, nikaenda kulala nimeudhika.

Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, nilipapasa mgongo wa alteneta. Vuguvugu. Chuma kingine chote baridi, pale tu pana joto.

Nikachomoa hasi kwanza, nikatoa waya mnene wa alteneta nikaufunga tepu, nikarudisha mita. Ilipotulia: 0.02. Diodi za alteneta kazi yake ni kupitisha moto upande mmoja tu, kuelekea betri. Moja ilikuwa inavuja. Mchana alteneta ilijaza, usiku ikanyonya ilichojaza, na kila aliyepima chaji alisoma 14 akaiondolea lawama.

Nilibadilisha diodi, si alteneta nzima. Betri nikamrudishia ile ile, nikamwambia ina majeraha na huenda isifike umri wake. Akakaa kimya kidogo, akiitazama.

"Kwa hiyo zile mbili nilizotupa zilikuwa nzima?"

"Ya kwanza," nikamwambia, "sina hakika."