Meza ya ruta ya mlalo: maana yake na namna ya kujiundia

Ruta ninayoizungumzia hapa ni mashine ya seremala, si kile kifaa cha kugawa intaneti. Ni mota ya kushikwa kwa mikono miwili, yenye kisu kidogo kwenye ncha, na kisu hicho huzunguka kwa kasi kubwa, mara nyingi kati ya mizunguko 10,000 na 25,000 kwa dakika. Huchimba mifuo, huchonga kingo, hutoboa matundu ya maungio. Ukiigeuza kichwa chini na kuifunga chini ya meza, kisu kikachomoza juu kupitia tundu, umepata meza ya ruta ya kawaida. Hapo si mashine tena inayoifuata mbao. Mbao ndiyo inayoifuata mashine.

Meza ya ruta ya mlalo ni ndugu yake aliyelala. Ruta hufungwa kwenye bamba lililosimama wima nyuma ya meza, na kisu hutokeza kumwelekea fundi, sambamba na uso wa meza. Neno "mlalo" ndilo linabeba maana yote: kilicholala ni mhimili wa kisu.

Faida yake utaiona siku utakapotaka kuchimba tundu kwenye ncha ya ubao wa mita moja. Kwa kuwa kisu cha meza ya kawaida kinatazama juu, ubao huo itakubidi uusimamishe kama mlingoti, uushikilie usiyumbe, na hapohapo uusukume. Ukiyumba kidogo tu, tundu limeharibika. Kwenye meza ya mlalo ubao unalala chali, uzito wake wenyewe unaukandamiza mezani, na wewe unausukuma tu kuelekea kwenye kisu. Hali ni hiyo hiyo kwa paneli za milango zinazochongwa kingo ziwe nyembamba: kile kisu kirefu chembamba ambacho kwenye meza ya kawaida hukulazimisha kuisimamisha paneli, hapa kinaichonga ikiwa imelala. Kisu hicho kipenyo chake ni kidogo, kwa hiyo hakihitaji kupunguziwa kasi sana kama visu vipana vya paneli.

Kazi kubwa ya meza hii, hata hivyo, ni kiungo cha tundu na ulimi: ubao mmoja unachimbwa tundu, mwingine unachongwa ulimi wa kuingia humo. Kiungo hiki kinahukumiwa kwa sehemu ya milimita. Ulimi ukinenepa kwa robo milimita, hauingii au unaupasua ubao. Ukikonda kwa kiasi hicho hicho, unacheza, na gundi haijazi pengo vizuri. Kwa sababu hiyo, ukitaka kuijua meza nzuri ya mlalo usiangalie kwanza uzuri wa mbao zake. Angalia namna kisu kinavyopandishwa na kushushwa.

Hapo ndipo karakana nyingi zimefikia suluhisho moja la werevu. Bamba linaloshika ruta halipandi na kushuka wima. Limefungwa kwenye ubao wa wima uliosimama nyuma ya meza kwa bolti moja upande mmoja, na bolti hiyo ni egemeo. Upande wa pili uko huru kuinuka na kushuka kama komeo la lango. Ruta iko katikati. Tuseme kutoka kwenye egemeo hadi kisu ni milimita 200, na kutoka kwenye egemeo hadi ncha huru ya bamba ni milimita 400. Ukiinua ncha huru kwa milimita 1, kisu kinapanda nusu milimita tu. Egemeo limekugawia kosa lako kwa mbili bila wewe kufanya hesabu yoyote.

Mtu huuliza: bamba likizunguka hivyo, ruta si itapinda? Ni kweli inazunguka kidogo, ila haidhuru. Kisu ni cha duara na kinazunguka kwenye mhimili wake, na mhimili huo unabaki sambamba na meza muda wote. Mbao haiwezi kujua kama mota iliyo nyuma imeinama nyuzi 5 au 15. Kitu pekee kinachobadilika ni kwamba kisu kinasogea kidogo sana kushoto au kulia, na hilo halina athari kwenye kina cha tundu wala unene wa ulimi.

Sasa chini ya ncha huru weka bolti ya M6 (yenye kipenyo cha milimita 6) iliyosimama, inayopita kwenye nati iliyozamishwa katika kipande cha mbao ngumu, na bamba liegemee juu ya kichwa chake. Bolti ya M6 ya hesi ya kawaida husogea milimita 1 kwa kila mzunguko mmoja. Kwa hiyo mzunguko mmoja unapandisha kisu nusu milimita. Lakini ulimi huchongwa pande mbili: unachonga uso mmoja, unaugeuza ubao, unachonga wa pili kwa kimo kile kile cha kisu. Badiliko la nusu milimita kwenye kisu linakuwa badiliko la milimita 1 kwenye unene wa ulimi. Egemeo limegawa kwa mbili, kugeuza ubao kumezidisha kwa mbili, na hesabu imerudi pale pale: mzunguko mmoja wa bolti, milimita 1 ya ulimi. Robo mzunguko, robo milimita. Nilipolielewa jambo hili niliacha kubahatisha. Unapima tundu, unapima ulimi wa majaribio kwa kalipa (kifaa cha kupimia sehemu za milimita), unatoa, na tofauti unaizungusha kwenye bolti.

Uzito wa ruta nao unakusaidia hapa. Mashine ya kilo tatu au nne inalikandamiza bamba juu ya bolti muda wote, kwa hiyo hakuna ule mchezo wa hesi, yaani ulegevu kati ya bolti na nati, unaosumbua kwenye vifaa vingine. Baada ya kurekebisha, bamba linafungwa kwa bolti ya pili yenye nati ya kushika kwa mkono. Usikate chochote kabla ya kuifunga, kwa sababu mtikisiko wa mota unatosha kulihamisha bamba.

Bolti hiyo ya kufungia inapita kwenye mfuo wa upinde katika ubao wa wima. Wengi huuchora upinde huo kwa macho na kuukata kwa msumeno, kisha wanashangaa bamba linakwama katikati ya njia. Ichukue ruta yenyewe, ifunge kwenye kipande cha plaiwudi, pigilia msumari mahali pa egemeo, uizungushe kuzunguka msumari huo. Mfuo unatoka sawasawa kwa sababu kituo chake ni kile kile ambacho bamba litakizunguka.

Mbao za kutengenezea hazihitaji kuwa za kifahari. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha. Uso wa meza uwe wa tabaka mbili zilizogandishwa pamoja kwa gundi ili usipinde, wenye upana wa karibu milimita 600 na kina cha milimita 400. Ubao wa wima ushikiliwe kwa nyuma na pembetatu mbili za plaiwudi, la sivyo utatikisika na kila kisu kitaacha mawimbi. Katikati yake toboa nafasi kubwa ya kupitisha ruta, na uiache iwe pana kuliko mota kwa sababu mota itapanda na kushuka humo. Bamba lenyewe nakushauri liwe la alumini ya milimita 6 au plaiwudi iliyochimbwa ikawa nyembamba pale ruta inapokaa, maana kila milimita ya unene wa bamba unaipoteza kwenye urefu wa kisu. Ondoa kitako cha plastiki cha ruta, kiweke juu ya bamba na ukitumie kama ramani ya kutobolea matundu ya skrubu.

Kwenye ukingo wa meza unaotazamana na bamba, kata kijishimo cha upana wa milimita 30 hivi na kina kinachotosha kisu chako kirefu. Bila kijishimo hicho kisu hakiwezi kushuka chini ya uso wa meza, na kushuka huko kutahitajika.

Kabla ya kukata mbao yoyote, kagua pembe. Weka fimbo ya chuma iliyonyooka mahali pa kisu, kisha pima kimo chake kutoka mezani karibu na bamba na tena kwenye ncha. Vipimo viwili vikilingana, mhimili uko sambamba na meza. Visipolingana, legeza bamba au ubao wa wima na upachike kipande cha karatasi au mkanda mahali panapohitaji. Hii ni dakika kumi za kazi, na bila hizo kila ulimi utatoka mnene upande mmoja kama kabari. Nilishawahi kuharibu fremu nzima ya kabati kwa kuamini kwamba guni (kipimo cha pembe mraba) pekee limetosha.

Mwelekeo wa kusukuma mbao ndio unaochanganya watu zaidi, na ndio unaoumiza watu. Ukisimama mbele ya meza ukitazama kisu, kinazunguka kinyume cha saa: meno ya juu yanakwenda kushoto, meno ya chini yanakwenda kulia. Mbao lazima ikabiliane na meno, isiyafuate. Ikiwa mbao iko chini ya kisu, yaani kisu kinakata uso wake wa juu, isukume kutoka kulia kwenda kushoto. Ikiwa kisu kimezama kwenye kile kijishimo na kinakata uso wa chini wa mbao, mwelekeo unageuka: kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikosea, kisu kinaishika mbao kama gurudumu na kuivuta, na mikono yako ikiwa bado juu yake.

Mimi huchagua kukata uso wa chini kila inapowezekana. Kisu kinafunikwa na mbao, na mbao ikiinuka kwa bahati mbaya, kisu kinakata kidogo badala ya kukata zaidi; unarudia tu. Mbao ikiwa chini ya kisu, kuinuka kidogo kunamaanisha kuchimbika. Ukilazimika kufanya hivyo, weka kibao chenye vidole cha kuikandamiza. Na kwa vyovyote vile usisukume ubao mwembamba kwa mikono mitupu: tengeneza kigari, yaani kipande cha plaiwudi chenye ukingo wa pembe mraba kinachoteleza kando ya bamba huku ubao umeegemea mbele yake. Kigari hicho hicho kinazuia nyuzi za mbao zisichanike kisu kinapotoka upande wa pili. Miwani na kinga ya masikio visikosekane, na ruta ichomolewe kwenye umeme kila unapobadilisha kisu. Swichi iliyozimwa haitoshi.

Tundu lina taratibu yake. Bana vizuizi viwili mezani, kimoja kila upande, ili ubao usiweze kupita urefu uliokusudia. Usukume kuelekea kwenye kisu milimita 3 hadi 5, uteleze hadi kizuizi cha pili, uuvute, urudie ukizidisha kina. Kisu cha msokoto kinachopandisha maranda kinafaa kuliko kile cha meno yaliyonyooka, kwa sababu tundu refu lisilotoa maranda linapata joto na kisu kinaungua. Kuhusu unene, mafundi wengi hushika kanuni ya theluthi: mbao ya milimita 18, tundu la milimita 6.

Ukishazoea, huenda ukaacha kuchonga ulimi kabisa. Chimba tundu kwenye ncha ya ubao mmoja na kwenye ukingo wa mwingine kwa kimo kimoja cha kisu, bila kugusa bolti. Kila ubao uwe na alama ya penseli kwenye uso utakaoonekana, na uso huo ndio ulale mezani mara zote. Hata kama kisu hakiko katikati kamili ya unene, matundu yote mawili yako umbali ule ule kutoka kwenye uso wenye alama, kwa hiyo nyuso zitakutana sawa. Ulimi unakuwa kipande cha tatu: randa mbao ndefu hadi unene wa tundu, viringisha kingo zake zifuate duara la kisu, ukate vipande kadiri unavyohitaji.