Tuzo iliyofutwa si tuzo feki

Kuna ujumbe wa siku nyingi unaozunguka kwenye magrupu ya wapenzi wa katuni: eti kitabu chenye stika ya "Alph-Art" au "Alfred" ni cha kitapeli, kwa sababu tamasha la vitabu vya katuni la Angoulême, Ufaransa, halina tuzo hizo. Sehemu ya mwisho ni kweli. Sehemu ya kwanza si kweli.

Tamasha lilianza mwaka 1974 na limebadilisha majina ya tuzo zake zaidi ya mara moja. Alfred, lililotokana na ndege wa katuni ya zamani ya Kifaransa, lilitumika 1981 hadi 1988. Likafuata Alph-Art, kutoka kwenye kitabu kisichomalizwa cha Tintin, yule shujaa wa katuni, 1989 hadi 2003. Leo ni Fauve, yule paka wa nembo ya tamasha. Anayetafuta Alph-Art kwenye orodha ya miaka ya karibuni hawezi kuiona, na hapo ndipo watu huteleza.

Kuhakiki, soma mwaka ulioandikwa kwenye stika, kisha fungua orodha ya washindi wa mwaka huo, si ya sasa. Mtego mwingine ni tarehe: kwa kawaida tamasha hufanyika mwishoni mwa Januari, kwa hiyo mshindi wa 2001 mara nyingi alichapishwa 2000. Tofauti hiyo ya mwaka mmoja si kosa. Stika ya Alph-Art yenye mwaka 2010, hiyo ndiyo ya kutilia shaka.

Ukitumiwa tena ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mjibu aliyekutumia kwa kumtajia miaka ya kila tuzo.