Nyasi za preri: jina moja, koo nyingi

Preri ni uwanda wa nyasi ulioshika katikati ya Amerika Kaskazini, kuanzia Kanada hadi Texas. Ule wa nyasi ndefu karibu wote umeshalimwa. Uliosalia haufiki asilimia 5. Wanaojaribu kuurudisha huanza kwa kununua mbegu, na makosa mengi huanzia hapo. Kila maneno yaliyo kwenye alama za nukuu hapa chini ni dhana, na jibu lake linafuata.

"Nyasi ni nyasi tu. Jina likiwa moja, mbegu ni ileile."

Chukua Andropogon gerardi, nyasi mashuhuri kuliko zote za huko, ndugu wa mahindi, mtama na miwa. Magharibi mwa Kansas, kwenye mvua ya milimita 500 hivi kwa mwaka, huwa fupi, na majani yake membamba. Kusini mwa Illinois mvua hupita milimita 1,100, na nyasi hiyohiyo humzidi mtu kimo. Wanasayansi huziita koo kama hizi, za spishi moja lakini kila moja imelingana na mahali pake, ekotipu, neno alilolianzisha Göte Turesson wa Sweden mwaka 1922.

"Ufupi ni shida ya maji. Ipe mvua, itarefuka."

Hii ina ukweli nusu, ndiyo maana ni ngumu kuing'oa. Mvua ina sehemu yake kweli. Lakini utajuaje sehemu ya mvua ni ipi na ya jeni ni ipi? Njia ni kupanda zote mahali pamoja. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea Calvin McMillan alikusanya nyasi za uwanda wote na kuzipanda katika bustani moja huko Lincoln, Nebraska: udongo mmoja, mvua moja. Za kaskazini zilichanua mapema, za kusini zikachelewa, kila moja ikishika kalenda ya kwao.

Baadaye timu ya Loretta Johnson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas ilikwenda mbali zaidi. Mbegu za magharibi, za kati na za mashariki zilipandwa pamoja katika vituo kadhaa, kuanzia Colby, magharibi mwa Kansas, penye ukavu hadi Carbondale, Illinois, penye mvua tele. Hata huko Carbondale, nyasi za magharibi zilibaki fupi na zenye majani membamba kuliko wenyeji.

"Basi nyasi hujifunza kuzoea."

Hapana. Shina moja haliandiki upya jeni zake, hata likiishi miongo mingi. Kinachobadilika ni ukoo: miche isiyofaa hufa, inayofaa huzaa, kizazi baada ya kizazi. Wala si lazima ichukue mamilioni ya miaka. Sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa chini ya barafu hadi miaka elfu kumi na kitu iliyopita, na leo ina koo zake.

"Tabianchi maana yake mvua na joto."

Kuna pia urefu wa mchana. Kwa sisi tunaokaa karibu na ikweta, mchana ni uleule karibu mwaka mzima, kwa hiyo jambo hili hutupita. Mwezi Juni mchana wa South Dakota hupita saa 15. Wa kusini kabisa mwa Texas haufiki 14. Nyasi nyingi za preri husoma urefu huo ili kujua wakati wa kuchanua. Panicum virgatum, nyasi nyingine ya preri, ya kusini ikipelekwa kaskazini hurefuka vizuri, huchelewa kuchanua, kisha baridi kali huweza kuiua. Ya kaskazini ikiletwa Texas huchanua mapema mno, ikaacha kukua ingali ndogo.

"Upepo huchanganya chavua, tofauti zitafutika."

Chavua husafiri kweli. Ila jeni iliyoingia na upepo hupita mtihani uleule wa ukame na baridi. Mchujo ukiwa mkali, tofauti hubaki.

"Mbegu ya karibu ndiyo bora daima."

Kati ya dhana zote, hii ndiyo ninayoionea huruma, maana mara nyingi ni ushauri mzuri. Tatizo ni kupima ukaribu kwa kilomita. Kutoka Manhattan, Kansas, hadi Colby ni kilomita 400 hivi tu, na mvua hupungua kwa zaidi ya theluthi. Isitoshe, tabianchi ya leo si ile iliyozichuja koo hizi. Mbegu iliyolingana na mahali zamani inaweza isilingane napo miaka 50 ijayo. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu hushauri kuchanganya mbegu za hapo na chache za mahali penye joto au ukavu zaidi.

Mwaka 2019 kundi la wanasayansi David Lowry na Thomas Juenger lilitoa matokeo ya kuzalisha pamoja Panicum za kusini na za kaskazini, kisha kuwapanda watoto wao katika vituo 10 kutoka Texas hadi South Dakota na Michigan. Ungetarajia kila jeni inayosaidia kusini iumize kaskazini. Nyingi zilisaidia upande mmoja na kugharimu kidogo tu, au kutogharimu kabisa, upande wa pili.