Kwaheri ya Wolsey si ya Shakespeare

Katika tamthilia ya Henry VIII, Kardinali Wolsey anauaga ukuu wake kwa hotuba ambayo watu wameikariri karne kwa karne kama ya Shakespeare. Kazi yangu ni kuchunguza nani aliandika nini katika tamthilia za zama zile, na hii naamini ni ya John Fletcher, mtunzi mwenzake wa tamthilia.

Hesabu mizani, kama unavyohesabu za utenzi. Mshororo wa kawaida wa tamthilia hizo una mizani 10, ya mwisho ikiwa na mkazo. Fletcher hupenda mno kuongeza ya 11, isiyo na mkazo. Sasa msikilize Wolsey: "Farewell! a long farewell, to all my greatness!" Piga kwa vidole mezani: "great" ni ya 10, "ness" inabaki ikining'inia. Mishororo mitatu inayofuata nayo ina 11 kila mmoja. Shakespeare naye anazo, hasa mwishoni mwa kazi yake, ila si kwa wingi huu.

Mwaka 1850 mtafiti James Spedding aliigawa tamthilia hii onyesho kwa onyesho, akampa Fletcher sehemu kubwa. Mtafiti mwingine, Samuel Hickson, alikuwa amefikia mgawo uleule peke yake, bila wawili hao kushauriana. Hilo hunigusa kila ninapolikumbuka.

Karne iliyofuata mtafiti Cyrus Hoy akahesabu vineno. Fletcher huandika "ye" penye "you", na "'em" penye "them". Shakespeare hung'ang'ania "hath" penye "has". Kwenye hotuba ya Wolsey na maeneo yake "ye" ni haba, kwa hiyo Hoy akaamua kwamba Fletcher alipagusagusa tu. Hapo siko naye. Mnakili au mpanga herufi wa kitabu cha 1623, tamthilia hii ilimochapwa mara ya kwanza, angeweza kugeuza "ye" kuwa "you" bila mshororo kuyumba hata kidogo. Kuiondoa mizani ya 11 ni kazi nyingine kabisa. Ingebidi autunge mshororo upya.

Tena mshono wenyewe kati ya waandishi hao wawili unaonekana. Katika onyesho la pili la tendo la tatu, mfalme anampa Wolsey karatasi, anamwambia akale kifunguakinywa kwa hamu aliyobakiwa nayo, kisha anatoka amenuna. Mpaka hapo ni Shakespeare. Wolsey anabaki na karatasi mkononi akijiuliza maana yake nini, na anayeuliza hivyo tayari ni wa Fletcher.