Mashine ya HP (nguvu za farasi) ngapi inatosha chombo chako? Tuelewane wavuvi wa Mtwara na Lindi

Tangu kusi (upepo wa kusini) ianze kupiga, malalamiko tunayopata sisi wakaguzi wa vyombo vidogo huku kusini ni yale yale. Mara "mmenizuilia mashine yangu", mara "nimenunua kwa hela yangu nyie inawauma nini", mara "jirani ana 40 mbona hamjamgusa". Naomba leo tuongee kwa utulivu maana najua hakuna tajiri (mwenye chombo) anayekopa mamilioni akanunue mashine ili chombo chake kizame na vijana wa watu, kila mtu anatafuta riziki na anataka awahi soko.

Juzi pale Shangani nimekagua mashua ya mbao, mita 9, nyuma imepachikwa HP 40. Nahodha mtu mzima kabisa, ananiambia mwanangu chombo hiki siku hizi kinavuja sana, kila nusu saa kijana anafua maji kuyatoa nje, nadhani mbao zimezeeka. Nikainama kwenye ubao wa tezi (nyuma ya chombo) pale mashine inapobana. Bolti ya kushoto ilikuwa imezama ndani ya mbao kama nusu inchi, pembeni pamelowa, nikachukua bisibisi nikabonyeza kidogo tu ikaingia kama kwenye muhogo uliochemshwa. Mshono wa chini yake pamba ya kalafati, ile ya kuziba nafasi kati ya mbao, imechungulia nje. Nikamwambia mzee hizi sio mbao kuzeeka, hii mashine inakisukuma chombo kuliko mataruma (mbavu za chombo) yanavyoweza kubeba, kila ukivuta moto (ukiongeza nguvu ya mashine) mbao zinafunguka na ukiachia zinarudi, pamba itakaa vipi hapo?

Sasa wengi wanaamini ukiongeza HP chombo kinaongeza mbio. Kwa mashua ya mbao yenye tumbo sio kweli, na hili tumelisema sana. Chombo cha namna ile kinapasua maji, hakipandi juu ya maji. Kikitembea kinatengeneza wimbi lake chenyewe, na kikifika mwendo fulani kinakuwa kimekaa kwenye bonde la wimbi lake hakiwezi kutoka. Hesabu yake ni rahisi: chukua urefu wa chombo unaogusa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Chombo cha mita 9 kipeuo ni 3, kwahiyo 13.5, basi, hapo ndo mwisho wa mbio zake. Ukipachika 40, ukapachika 60, itakachofanya ni kuzamisha tezi na kunyanyua omo (mbele ya chombo). Na omo ikinyanyuka watu wanafurahi wanaona ndo spidi yenyewe, kumbe pale unachimba maji tu, na ukiachia moto ghafla lile wimbi la nyuma linakufuata linapanda tezi linaingia ndani. Kuna vyombo vimejaa maji namna hiyo siku bahari imetulia kabisa.

Halafu mafuta. Mashine ya petroli ya tustroki ikivutwa mpaka mwisho inakula karibu nusu lita kwa kila HP kwa saa. 15 inakula lita 6 au 7, 40 inakula 18 mpaka 20. Kwenda masaa mawili na kurudi mawili, huyu wa 15 ametumia dumu la lita 20 moja na robo hivi, yule wa 40 anakaribia madumu manne, na kwenye mashua ya mbao wote wamefika muda unaokaribiana sana! Na hata huyo wa 15 akipunguza mwendo kidogo, tuseme moja ya tano, mafuta yanashuka karibu nusu. Manahodha wanalijua hili kwa uzoefu, matajiri waliokaa nyumbani ndo wanapiga simu "ongeza moto samaki wataharibika".

Tupige hesabu ya uzito maana hapa ndo wengi wanakosea, wanapima chombo kikiwa kitupu ufukweni. Mashua ile ya Shangani yenyewe tuseme tani moja na nusu, nyavu zilizolowa kilo 400, barafu 300, watu wanane kilo 520, mafuta 50, samaki 500 ukijaliwa. Jumla inafika kama tani 3.3. Kwa chombo kinachopasua maji HP 3 mpaka 5 kwa kila tani zinatosha, na hiyo 5 ndo ya kupambana na upepo na mkondo. 3.3 mara 5 unapata 16 na kitu. Kwahiyo mashine yake ni 15. Sio 40.

Boti ya faiba nyepesi yenye tako pana ni habari nyingine, ile imetengenezwa ipande juu ya maji, na ili ipande inataka HP moja kwa kila kilo 20 au 25 hivi. Hapo 40 ina kazi yake. Lakini ukishaipakia wavu wa ringineti na watu kumi na mbili haipandi tena, inageuka kuwa mashua yenye mashine kubwa. Boti nyingi za kiwandani zina kibao cha mtengenezaji kinachosema mwisho HP ngapi na watu wangapi, tafadhali msikibandue na msipake rangi juu yake, tunakihitaji.

Sisemi pia mkanunue vimashine vidogo ili tu mpite ukaguzi, nimemkuta mtu ana mashua kubwa na HP 8, nikamuuliza bamvua (maji makubwa) ikitoka pale mlango wa bandari ya Mtwara kati ya Msangamkuu na Shangani unafanyaje, akasema nasubiri. Na kusi ya mwezi wa saba je, ikikukuta nje ya Msimbati? Mashine iwe na akiba, utembee nayo robo tatu ya nguvu, ile robo inayobaki ni ya siku mbaya. Na tanga msiache nyumbani, mashine ina siku inakataa.

Kabla hujauza mashine yako eti haina nguvu, angalia mambo mawili. Kwanza urefu wa mguu wa mashine: pima kutoka juu ya ubao wa tezi mpaka chini, mguu mfupi ni wa ubao wa sentimita 38, mrefu 51, mrefu zaidi 64. Lile bati la juu ya propela liwe sawa na chini ya chombo au lipite chini yake sentimita 2 au 3. Mguu ukiwa mfupi propela inakula hewa kila wimbi, mashine inalia juu chombo hakiendi, na mtu anasema haina nguvu. Pili propela yenyewe, kama imepinda au imeliwa na mwamba ibadilishe kwanza, na kama mlio ni mzito hata ukivuta mwisho hauchangamki, ujue mapanga yake yana mkunjo mkubwa kwa mzigo wako.

Sasa utaratibu, nirudie tena kwa sababu kila siku tunaulizwa. Ukaguzi wa usalama wa chombo ni TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania). Leseni ya uvuvi ni kwa afisa uvuvi wa halmashauri yako, kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za 2009, na BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) ya mwalo wako, pale unaposhusha samaki, inakujua. Ni vitu viwili tofauti!! Kuwa na leseni sio kuwa umekaguliwa, na kuwa umekaguliwa sio leseni, mtu anatoa karatasi ya leseni anasema "si hii hapa" halafu anakasirika. Ukibadilisha mashine toa taarifa chombo kikaguliwe upya, hata kama cheti cha mwaka hakijaisha, maana kilichokaguliwa ni chombo na mashine ile, sio hii mpya. Tukikuta tatizo tunaandika zuio chombo kisitoke, nakala moja unabaki nayo, imeandikwa kasoro moja moja, unarekebisha, unatuita, tunakagua tena, zuio linaondolewa. Ukienda baharini na zuio mkononi hapo umejitafutia faini au mahakama, na mkaguzi hana namna ya kukusaidia hata akikuonea huruma. Yule jirani mwenye 40 ambaye hatujamgusa, inawezekana ana faiba, au zamu yake haijafika.

Siku ya ukaguzi njoo na chombo kikiwa majini, mashine imepachikwa sio imelala gereji, risiti yenye namba ya mashine, jaketi okozi idadi ya watu mnaotoka kweli sio idadi ya kwenye fomu, na nyavu ziwemo ndani, tuone maji yanafika wapi ubavuni.