Je, wajua kwa nini pepopunda hukaza mwili mzima?

Ukimwuliza mtu misuli inafanya kazi gani, atakuambia inasukuma, inavuta, inanyanyua. Kumbe misuli iliyoshikana na mifupa yetu inajua jambo moja tu: kuvuta. Hata unaposukuma gari lililozimika njiani, kinachotokea ni kwamba msuli wa nyuma ya mkono unavuta mfupa ili kiwiko kinyooke. Msuli ukishavuta, hauwezi kujirudisha wenyewe ulivyokuwa. Unahitaji mwenzake wa upande wa pili auvute arudishe. Ndiyo maana misuli mingi imepangwa kwa jozi, mmoja wa kukunja na mwingine wa kunyoosha.

Jaribu hapo hapo ulipokaa. Ingiza kiganja cha mkono wa kulia chini ya meza, sukuma juu kana kwamba unataka kuinyanyua, huku mkono wa kushoto ukipapasa ule wa kulia juu kidogo ya kiwiko. Upande wa mbele, ule ambao watoto hutunisha wakishindana nani ana nguvu, umekuwa mgumu. Wa nyuma umelegea, ukiubonyeza unabonyea. Sasa weka kiganja juu ya meza uikandamize chini. Mambo yanageuka: nyuma kumekaza, mbele kumelegea. Wewe uliamua kunyanyua, kisha ukaamua kukandamiza. Kulegeza hukuamua hata kidogo, na bado kumefanyika.

Kukaza kwenyewe kunaeleweka kwa haraka. Amri hutoka kwenye ubongo, hushuka kwa neva zilizomo ndani ya uti wa mgongo, ikapokelewa huko na seli ya neva ambayo uzi wake unafika hadi kwenye msuli. Neva za aina hii zenye kasi kubwa hupitisha ujumbe kwa takriban mita 120 kwa sekunde. Mwisho wa neva haugusani na msuli. Kuna mwanya mdogo sana, na neva huuvusha ujumbe kwa kumwaga kemikali iitwayo asetilikolini. Msuli ukiipata, kalsiamu iliyohifadhiwa ndani yake inafunguliwa, nyuzi za protini za aktini na myosini zinateleza na kupishana, na msuli unafupika.

Kazi ngumu zaidi ni ile ya kuzuia. Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kila neva za mwilini zinapoamuru msuli mmoja ukaze, zinatuma pia amri ya kumnyamazisha mpinzani wake. Daktari akikugonga chini ya kifuniko cha goti kwa nyundo ndogo ya mpira, ujumbe unaingia kwenye uti wa mgongo na kugawanyika. Tawi moja linaiamsha seli inayokaza paja la mbele. Tawi la pili linapita kwenye seli za kuzuia, ambazo humwaga kemikali kama glisini na kuituliza ile seli inayokaza paja la nyuma. Mguu unaruka, na ubongo unapata habari baadaye. Ni kama mchezo wa kuvuta kamba ambao upande mmoja ukivuta, wa pili hulegeza kwa kipimo. Pande zote mbili zikivuta kwa nguvu zote, kamba haiendi popote.

Hicho hasa ndicho kinachompata mgonjwa wa pepopunda.

Bakteria wake, Clostridium tetani, hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama kama spora, yaani mbegu zake ngumu zilizolala, zinazoweza kudumu miaka mingi. Watu huogopa kutu ya msumari, lakini kutu haina kosa. Hatari ya msumari ni kwamba unachoma ndani kabisa, mahali pasipofika hewa, na unaingia na udongo wake. Bakteria huyu anapenda pasipo na hewa. Kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu, au kupakwa samadi, kinampa nafasi hiyohiyo.

Bakteria wenyewe hawatoki kwenye kidonda. Kinachosafiri ni sumu yao. Inaingia kwenye ncha za neva, inapanda kinyume cha njia ya amri hadi kwenye uti wa mgongo, inazipita seli za kukaza na kuingia ndani ya zile seli za kuzuia. Humo inakata protini moja ambayo seli inaihitaji ili imwage kemikali yake. Seli za kukaza zinabaki nzima kabisa, ila hakuna tena wa kuziambia basi.

Neva zinazokwenda kwenye taya ni fupi, kwa hiyo sumu inawahi kufika huko na kinywa ndicho hufungika mapema. Mgonjwa akijaribu kukifungua, ile amri inaamsha na misuli ya kufunga, ambayo ni mikubwa zaidi, nayo inashinda. Mgongo unapinda kama upinde kwa sababu misuli yake ina nguvu kuliko ya tumbo. Mlango ukibamizwa, au taa ikiwashwa ghafla, mwili mzima unakakamaa, kwa kuwa kila kinachoingia kwenye neva sasa kinasambaa bila kizuizi. Ndiyo maana wagonjwa hawa huwekwa kwenye chumba tulivu chenye mwanga hafifu. Na wakati wote huo akili ya mgonjwa iko timamu. Anasikia maumivu yote. Kwangu mimi hili ndilo jambo baya kuliko yote katika ugonjwa huu.

Sumu hii ina ndugu yake: sumu ya botulini, inayopatikana kwenye vyakula vya kopo vilivyoharibika. Nayo hukata protini za kundi hilohilo, na aina yake moja hukata ileile inayokatwa na ya pepopunda, mahali palepale. Lakini aliyeipata hakazi. Analegea mpaka anashindwa kupumua. Tofauti iko mahali pa kazi. Botulini hubaki kwenye ncha ya neva karibu na msuli na kuzuia asetilikolini isimwagwe, kwa hiyo amri ya kukaza haifiki. Ya pepopunda hupanda juu na kuua amri ya kulegeza.

Hospitalini mgonjwa hupewa kingasumu, ambayo hunasa sumu ambayo bado haijaingia kwenye neva. Iliyokwishaingia haikamatiki tena, hivyo hupewa pia dawa kama diazepamu, ambayo huikuza sauti ndogo ya kuzuia iliyosalia, mpaka neva zitengeneze ncha mpya baada ya wiki kadhaa. Na akipona, hana kinga. Sumu inayotosha kuua ni kidogo mno kiasi kwamba mwili hauwahi kujifunza kupambana nayo, kwa hiyo huanzishiwa chanjo kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani, na hurudi kumalizia dozi zilizobaki kama mtu ambaye hajawahi kuugua.