Laiki sio alama: kabla hujatuletea kesi ya shindano la michoro

Likizo ya shule ikianza tu huwa tunajua kinachokuja. Magrupu ya gemu yanaanzisha mashindano ya kuchora wahusika, adimini anaahidi elfu mbili ya M-Pesa ama daimondi za Free Fire, watoto wanachora usiku kucha, matokeo yanatoka, na siku tatu baadaye barua pepe zinaanza kumiminika kwa dawati letu la hakimiliki hapa Kenya: "ameiba mchoro wangu", "huyo mshindi akamatwe". Tukikaa chini tukasoma zile skrinishoti arobaini zilizoambatanishwa (na tunazisoma zote, msidhani tunazitupa) mara nyingi hakuna kitu kimeibwa. Kuna mtu ameshindwa na hajaelezwa ameshindwaje. Sasa hiyo sio hakimiliki jamani, huo ni uamuzi mbovu, na sisi hatuna mamlaka ya kusema nani amechora mbwa mwitu mzuri kuliko mwenzake.

Kwa hivyo leo naongea na maadimini na majaji, najua wengi wenu mnafanya hii kazi bure na kwa roho safi.

Tuanze na laiki. Laiki zinahesabu marafiki, hazihesabu uchoraji. Mwenye kaka chuoni anatupa linki kwa grupu la darasa zima na mchezo umeisha, na hapo hata sijataja akaunti za kununua. Kama mnataka umma nao useme kitu wekeni tuzo ndogo ya kipenzi cha mashabiki, lakini ile kubwa iamuliwe na majaji wenye vigezo vilivyoandikwa kabla mchoro wa kwanza haujaingia. Mfano wazo alama 40, ufundi 30, uaminifu kwa mhusika 30. Kabla, nasema. Kuna shindano tuliletewa ambapo kigezo cha "ubunifu wa rangi" kilizaliwa jioni ya matokeo, na kwa bahati ya ajabu kabisa kilimfaa binamu ya jaji.

Halafu majina yafichwe. Mtu ambaye sio jaji apokee faili azipe namba, majaji waone namba tu. Najua mtasema mkono wa fulani unajulikana hata bila jina, sawa, basi jaji anayeutambua aseme na ajitoe kwa mchoro huo. Na kila jaji apewe mpangilio wake wa kuangalia. Pale Brussels kuna mashindano makubwa ya piano ya Malkia Elisabeth, wapigaji wanapangiwa foleni kwa bahati nasibu, na watafiti waliochambua matokeo ya miaka mingi walikuta wanaopiga mwishoni huelekea kupata nafasi nzuri zaidi, ingawa ni bahati nasibu tu iliyowaweka hapo. Kama mabingwa wa muziki wanayumbishwa na foleni, wewe unayeteremsha michoro themanini kwa simu saa sita usiku utapona?

Alama zenyewe, chukueni somo kwa wacheza barafuni. Michezo ya Olimpiki ya Salt Lake City 2002, jaji wa Ufaransa alisema alishinikizwa awape Warusi ushindi, kukawa na kelele hadi Wakanada waliowekwa wa pili nao wakapewa dhahabu, na baadaye mfumo mzima wa alama ukabadilishwa. Ule uliokuja unatupa alama ya juu kabisa na ya chini kabisa kisha wastani unapigwa kwa zilizobaki. Mkiwa majaji watano fanyeni hivyo. Mkiwa watatu msijaribu, mtabaki na alama moja.

Sasa wizi wa kweli, maana upo. 2014 kampuni ya Valve iliondoa mchoro wa kupambia bunduki uitwao M4A4 Howl kwa gemu yao ya Counter-Strike baada ya kujulikana kwamba sanaa yake ilitoka kwa mchoraji mwingine, na waliouwasilisha wakafungiwa na mapato yao kwa vitu vyote vya gemu yakakatwa. Kampuni kubwa hivyo ilipitisha, sembuse wewe. Upande wa akili mnemba kuna ile kesi ya Colorado 2022, Jason Allen alishinda kitengo cha sanaa ya kidijitali kwa picha iliyotengenezwa na Midjourney, programu ya akili mnemba. Watu walichemka lakini hakuvuliwa ushindi, kwa sababu sheria za shindano hazikukataza. 2023 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ikakataa kuisajili, lakini tuzo alikuwa ashachukua. Kwa hivyo andikeni mapema: inaruhusiwa, hairuhusiwi, ama iko na kitengo chake. Na mkitaka ushahidi (faili yenye leya zake, au vidio ya mchakato wa kuchora) ombeni kwa wote walioingia fainali, msimwombe yule mmoja aliyeshukiwa kwa komenti.

Kitu kingine kinachonichosha, naomba radhi, ni hii imani kwamba mchoro ukishatumwa kwa grupu umekuwa wa grupu. Sio wako, adimini! Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inasema kuhamisha haki lazima iwe kwa maandishi na mwenye haki asaini, "nimekubali" kwenye komenti haitoshi. Na mchoraji naye asivimbe, mhusika bado ni wa kampuni ya gemu, someni sera zao, Riot Games kwa mfano wanaruhusu vitu vya mashabiki kimsingi visivyo vya biashara. Mkianza kutoza kiingilio hamuko salama tena, na mshindi akichaguliwa kwa bahati hiyo ni kamari, na wanaosimamia kamari wako na ofisi yao, sio hapa. Kabla ya kubandika jina na picha ya mshindi aliye chini ya miaka 18 tafuta idhini ya mzazi, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019.

Ukiona kweli mchoro wako umeibwa, utaratibu ni huu, na nautaja polepole maana kila siku tunarudisha barua. Tangu Sheria ya Hakimiliki irekebishwe 2019 unaandika notisi ya kuondoa kwa mtoa huduma wa intaneti. Iwe kwa maandishi, iwe na jina lako kamili na anwani, saini, maelezo ya kitu chenyewe kilipo, haki gani imevunjwa, na hati ya kiapo kwamba wewe ndiye mwenye haki na unalalamika kwa nia njema, ukieleza pia juhudi ulizofanya aliyeweka akiondoe mwenyewe. Nakala inakwenda kwa Bodi ya Hakimiliki na kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Upande wa pili nao una haki ya kujibu kwa notisi yao. Na ukileta notisi ya uongo kwa sababu tu umeshindwa shindano, hiyo ni kosa la jinai, faini isiyozidi shilingi laki 5 au kifungo kisichozidi miaka 5, au vyote viwili.

Na tafadhali, hati ya kiapo inasainiwa mbele ya kamishna wa viapo. Sio mbele ya adimini.